Msitu wa Gishwati: Nani Mlinzi Wake?

Nataka kuwaeleza habari za msitu ambao wengi wetu hatujapata kuukanyaga, ingawa twanywa maji yake kila siku. Msitu huo ni Gishwati. Uko kusini-mashariki ya mji wetu wa Gisenyi, juu ya ule mgongo wa milima unaogawa maji ya Kongo na maji ya Nili. Mvua ikinyesha upande wa mashariki wa mgongo huo, maji hushuka mpaka Nyabarongo, na mwisho wake hufika Misri. Ikinyesha upande wetu, maji hushuka kwa Mto Sebeya, hupita Mahoko na Nyundo, kisha huingia Ziwa Kivu karibu na mji. Huko Gihira maji ya Sebeya husafishwa na kuletwa katika mabomba ya mji, na nguvu zake huendesha mitambo ya umeme. Basi mtu wa mjini asemaye, "Mimi msitu haunihusu," na afungue bomba kwanza, ndipo aseme.

Muhula uliopita chama chetu cha majadiliano kilizungumza juu ya swali hili: Nani afaaye kuulinda msitu, serikali au wanakijiji? Wasemaji walisema kwa ufasaha sana, lakini wachache walijua Gishwati ulikuwaje zamani, ulipungua kwa nini, na sasa unatunzwa kwa njia gani. Kwa hiyo nimeona yafaa nikusanye habari hizo hapa, kisha nitoe maoni yangu.

JINSI MSITU ULIVYOPUNGUA

Katika miaka ya 1970 msitu wa Gishwati ulikuwa na hekta zipatazo 28,000. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 msitu wa asili uliosalia ulikuwa kama hekta 600 tu. Ukifanya hesabu utaona kwamba katika kila hekta mia zilibaki mbili hivi.

Nani aliyeukata? Jibu la haraka ni "wanakijiji," lakini si kweli yote. Katika miaka ya 1980 mradi mkubwa uliosaidiwa na fedha za Benki ya Dunia ulifanya sehemu kubwa ya Gishwati kuwa malisho ya ng'ombe na mashamba ya misonobari. Nia ilikuwa njema: nchi ilitaka maziwa na mbao. Baadaye ikaja vita, na mwaka 1994 Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi. Watu wengi sana walikuwa hawana makao. Waliorudi nchini baada ya miaka mingi ya ukimbizi walihitaji mahali pa kujenga na kulima, na wengi walipewa au walijichukulia sehemu katika Gishwati. Wakapanda viazi, wakafuga, wakachoma makaa.

Tazameni basi. Mwenye mradi alitaka maziwa. Mkimbizi alitaka kiwanja. Mjane alitaka kuni za kuwapikia watoto wake. Hakuna hata mmoja wao aliyetaka mafuriko, lakini wote kwa pamoja waliyaita.

Tena tusiwasahau wale waliokuwa wakiishi ndani ya msitu tangu zamani, wakila vya msitu na kufinyanga vyungu. Wao walitolewa humo, na wengi hawakupata ardhi ya kutosha mahali pengine. Nao ndio walioujua msitu kuliko watu wote: mti upi ni dawa, nyuki hukaa wapi, mnyama hupita njia gani. Msitu ulipoteza miti yake, na pia ukapoteza walimu wake.

MAJI NA UDONGO

Wengine huuliza, miti michache ya mlimani yawezaje kuzuia mto? Nitaeleza kama mwalimu wetu wa jiografia alivyotueleza.

Tone la mvua likianguka msituni halipigi udongo. Hupiga majani kwanza, likashuka polepole kwa shina. Chini hukuta majani makavu yaliyooza, laini kama sifongo, likanywewa humo. Mizizi ya miti imetoboa udongo, na katika vitundu hivyo maji huingia ndani ya ardhi. Hutoka baada ya siku nyingi, au hata miezi, kwa njia ya chemchemi. Ndiyo maana mto utokao msituni hauna haraka wakati wa masika wala haukauki wakati wa kiangazi.

Lakini tone hilo hilo likianguka katika shamba tupu lililo mteremkoni, hupiga udongo kama nyundo ndogo. Udongo huziba, maji hukosa pa kuingia, hukimbia juu juu. Yakikimbia hubeba udongo. Maji yenye udongo ni mazito, nayo huchimba makorongo na kubomoa kingo. Hivyo mkulima hupoteza shamba, mto hujaa matope, na pampu za maji za mjini huziba.

Katika ukoo wangu jambo hili twalijua kwa uchungu. Mjomba wangu alima viazi juu mlimani, karibu na mpaka wa msitu. Shangazi yangu akaa bondeni, upande wa Mahoko. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha katika wilaya za magharibi na kaskazini. Sebeya ukapanda. Shangazi alitoka nyumbani na watoto wawili, na nguo alizovaa, basi. Nyumba ilianguka kabla ya mapambazuko. Yeye alipona, katika nchi nzima watu zaidi ya 130 hawakupona, na nyumba zaidi ya 5,000 zilibomoka. Haikuwa mara ya kwanza, maana Septemba 2007 pia mafuriko yaliua watu huko Bigogwe.

Sisemi kwamba shamba la mjomba ndilo lililobomoa nyumba ya shangazi. Mvua ya usiku ule ilikuwa kubwa mno, na hata msitu mnene usingaliizuia yote. Lakini udongo wa viazi vya mlimani ulikuwa ndani ya nyumba za bondeni. Tuliuzoa kwa majembe siku nne. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba msitu ni shauri la watu wawili wasioonana: yule anayekaa juu na yule anayekaa chini.

MSITU UNAVYORUDISHWA

Mwaka 2008 kazi ya kuurudisha msitu ilianza, kwa mapatano ya serikali ya Rwanda na shirika la Great Ape Trust la Iowa, Marekani. Eneo lililohifadhiwa likaongezwa kutoka hekta 886 hadi hekta 1,484. Mwaka 2012 kazi hiyo ilishikwa na chama cha Wanyarwanda wenyewe kiitwacho Forest of Hope Association. Mwaka 2015 sheria ikatungwa ya kuunda Hifadhi ya Taifa ya Gishwati-Mukura, iliyounganisha masalio ya misitu miwili, nayo ni hifadhi ya nne ya taifa katika Rwanda. Ukubwa wake wote ni kilometa za mraba 34 hivi. Mwaka 2020 UNESCO iliitia nchi ile yote, msitu pamoja na mashamba yanayouzunguka, katika orodha yake ya hifadhi za viumbe hai za dunia.

Humo wamo sokwe, na kima wa dhahabu, na ndege wa namna nyingi. Kazi ilipoanza sokwe walikuwa kumi na kitu tu, nao wakaongezeka polepole. Kundi dogo namna hii, lililotengwa na wenzao wa Nyungwe, laweza kumalizika kwa ugonjwa mmoja au mitego michache. Mitego hiyo haitegwi na watu wa Kigali wala wa Ulaya. Hutegwa na jirani wa msitu, na jirani huyo ndiye awezaye kuitegua.

MAANA YA KUSHIRIKISHA WATU

Siku hizi kila mtu asema, "Watu washirikishwe." Ni neno zuri, lakini lina ngazi nne, na yafaa tuzitofautishe.

Ngazi ya kwanza ni kuarifiwa. Mkubwa huja, huwakusanya watu, huwaambia, "Kuanzia leo hapa ni marufuku." Watu hupiga makofi na kwenda nyumbani.

Ngazi ya pili ni kuitwa kazini. Watu hupanda miti, huchimba makinga ya maji, hutengeneza matuta ya ngazi. Sisi Wanyarwanda twaijua sana ngazi hii kwa ajili ya umuganda wa kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ni jambo kubwa, lakini mti uliopandwa Jumamosi wahitaji mtu wa kuutazama Jumatatu.

Ngazi ya tatu ni kupata fungu. Tangu mwaka 2005 serikali imetenga asilimia 5 ya mapato ya utalii ya hifadhi za taifa kwa ajili ya watu wanaokaa jirani nazo, na mwaka 2017 ikaongezwa kuwa asilimia 10. Fedha hizo hujenga madarasa, zahanati na mabomba ya maji, na husaidia vyama vya ushirika vya wafuga nyuki na wakulima. Tena kuna mfuko wa kuwalipa wale ambao wanyama wa porini wamewaharibia mazao.

Ngazi ya nne ni kuwa na sauti katika shauri lenyewe: mpaka upite wapi, nani aruhusiwe kuchukua nini, mwizi atozwe nini, fedha zitumike kwa kazi gani. Ngazi hii ndiyo ngumu kuliko zote. Katika bonde la Sebeya wameanza kuipanda. Katika mradi wa kutunza bonde hilo ulioanza mwaka 2019, wakazi wa vijiji walikutana, wakachora ramani ya kijiji chao, wakaonyesha mahali udongo unapoporomoka, wakasema wapi pachimbwe makinga na wapi papandwe miti au mianzi. Mzee asiyejua kusoma aliweza kuweka kidole juu ya ramani na kusema, "Hapa maji hupita." Hakuna mtaalamu wa mjini aliyelijua jambo hilo.

MIFANO YA MAJIRANI

Tusidhani kwamba jambo hili limeanza kwetu. Huko Babati, Tanzania, kuna msitu uitwao Duru-Haitemba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilitaka kuufanya msitu wa serikali. Watu wa vijiji vinavyouzunguka waliposikia hayo walianza kukata miti kwa haraka, kila mtu akisema heri nichukue changu kabla hakijachukuliwa. Ndipo wakubwa walipogeuza shauri: wakawaachia wanavijiji waulinde wenyewe. Watu wakatunga sheria ndogo za kijiji, wakachagua walinzi kutoka miongoni mwao, na ukataji ukapungua sana. Habari hiyo ilisaidia kuleta Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002, inayokiruhusu kijiji kuwa na msitu wake kwa haki.

Kenya nayo, kwa sheria ya mwaka 2005, iliruhusu wakazi kuunda vyama vya misitu na kushirikiana na serikali. Na huko Kongo, agizo la Agosti 2014 liliweka njia ya wenyeji kupewa msitu wao wa jamii, hata kufikia hekta 50,000.

Lakini Kongo yatupa pia mfano wa upande wa pili. Hifadhi ya Virunga, ambayo twaiona milima yake kutoka hapa mjini, ilianzishwa mwaka 1925 katika siku za Wabelgiji, na ndiyo ya kwanza ya namna yake katika Afrika. Mipaka iliwekwa bila shauri la wenyeji. Walinzi wake ni mashujaa. Zaidi ya 200 wameuawa katika kazi hiyo. Hata hivyo makaa ya miti ya hifadhi yamechomwa na kuuzwa kwa miaka mingi, kwa kuwa kuna vita, kuna njaa, na watu wa mjini lazima wapike. Bunduki yaweza kumfukuza mchoma makaa leo, lakini haiwezi kumpa moto wa kupikia kesho.

SHERIA ZA MALI YA WOTE

Alikuwako mama mmoja mtaalamu wa Marekani, jina lake Elinor Ostrom, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, naye alikuwa mwanamke wa kwanza kuipata tuzo hiyo ya uchumi. Zamani wataalamu wengi walisema mali ya wote lazima itaharibika, isipokuwa ishikwe na serikali au iuzwe kwa mtu mmoja. Yeye alichunguza malisho ya milima ya Uswisi, misitu ya vijiji vya Japani, mifereji ya maji na mahali pa uvuvi, akakuta watu waliotunza mali yao ya pamoja kwa mamia ya miaka. Akauliza: wao walifanya nini?

Majibu yake nayaeleza kwa maneno yangu. Mpaka ulijulikana, na wenye haki walijulikana. Sheria zililingana na mahali. Wale waliobanwa na sheria walikuwa na neno katika kuzitunga. Mlinzi alikuwa mtu wao, tena aliwajibika kwao. Adhabu ilianza ndogo, ikaongezeka kwa mkaidi. Ugomvi uliamuliwa karibu na kwa gharama ndogo. Na serikali ilikubali kwamba wana haki ya kujipangia mambo yao.

Mwenye kuwasikiliza wazee wetu hatashangaa. Gacaca ya zamani ilikuwa baraza la majani, karibu na nyumbani, na waamuzi waliwajua wagomvi kwa majina.

MAONI YANGU

Basi nirudi kwa lile swali la nani awe mlinzi. Mimi nadhani serikali na wanakijiji kila mmoja ana kazi ambayo mwenzake hawezi kuifanya. Serikali yaweza kutunga sheria, kuzuia matajiri wa mbali wasije kununua mlima, na kumfikiria shangazi wa bondeni ambaye hana sauti katika kijiji cha mlimani. Kijiji kikiachiwa peke yake chaweza kuuza msitu kwa sababu hasara itawapata wengine walio chini. Lakini serikali haiwezi kukesha. Mlinzi mmoja hawezi kutazama kila kichaka, na mwanakijiji aliyefumba macho humshinda mlinzi mwenye darubini.

Naona matatu yamebaki kusahihishwa.

Kwanza, hesabu. Fungu la asilimia 10 hufika kwa njia ya miradi mikubwa, na mkulima wa kawaida hajui ni kiasi gani kilichokuja wala ni nani aliyechagua kazi. Mali bila daftari huisha bila habari. Kama hesabu zingesomwa mbele ya watu katika mkutano wa kijiji, kila mwaka, watu wangeona kwamba darasa hili limejengwa na sokwe wale.

Pili, malipo ya mtu wa juu. Mjomba wangu aliombwa aache ukanda wa shamba lake kando ya kijito, upandwe mianzi. Alikubali, lakini aliniuliza, "Mwanangu, viazi vya ukanda huo vilinunua madaftari yako. Sasa nani atayanunua?" Sikuwa na jibu. Ni haki mtu wa chini anufaike kwa kuwa mtu wa juu amejinyima? Kama mji wanywa maji safi kwa sababu mjomba ameacha kulima ukingoni, nadhani mji nao wapaswa kumsaidia: kwa ng'ombe wa maziwa, au kwa majani ya malisho, au kwa mizinga ya nyuki, ili ukanda ule umpe chochote.

Tatu, wale waliotolewa msituni. Wapewe nafasi ya kwanza katika kazi za msitu: kuongoza wageni, kutafuta mitego, kufundisha majina ya miti. Waliofahamu msitu wasiwe wageni wa msitu.

KAZI YETU

Wanafunzi wenzangu, msiseme sisi ni wadogo. Karibu kila mmoja wetu anatoka mlimani au bondeni. Likizo ijayo, kila mtu na aulize nyumbani mambo matatu: kijiji chetu kina ramani ya matumizi ya ardhi? Nani aliichora? Fungu la hifadhi lilifanya kazi gani kwetu? Atakayepata majibu na ayaandike, tuyaweke katika maktaba. Tukipata majibu ya vijiji ishirini tutakuwa na kitabu ambacho hata wakubwa watataka kukisoma.

Nanyi ndugu zetu wa zamani, wengine wenu leo ni mabwana shamba, mahakimu, walimu na viongozi wa tarafa. Ninyi ndio mnaoitisha mikutano. Twawaomba mnapokwenda mlimani na karatasi za serikali, mkae kwanza chini na kuuliza kabla ya kusoma karatasi. Saa moja ya kuuliza yaweza kuokoa miaka kumi ya kukamatana.

Mti wa asili wa Gishwati hukua polepole. Mche unaopandwa mwaka huu utakuwa mti mkubwa sisi tukiwa wazee. Hakuna mshahara wala askari awezaye kuungoja muda wote huo. Atakayeungoja ni mtoto wa jirani, kama akikua akijua kwamba ni wake.

— Mwanafunzi wa mwaka wa sita, Gisenyi